Unaporudi kazini baada ya kuugua, bosi anapaswa kujua nini?

Nilijua ugonjwa wangu umeshakuwa mali ya umma siku niliyokwenda kununua nyanya sokoni Kathonzweni. Mama mmoja ambaye amenijua tangu nikiwa shule ya msingi alinipimia nyanya zangu, akaniongezea mbili za bure, kisha akaniinamia na kuniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana mwanangu. Hata binamu yangu aliugua huo huo, na akapona." Halafu akautaja kwa jina.

Waliolijua jina hilo, kwa hesabu yangu, walikuwa watu wanne: mimi, mama yangu, daktari, na afisa wa wafanyakazi huko Mombasa ninakofanya kazi, ambaye nilikuwa nimemtumia barua ya daktari. Mama hakusema. Daktari hakusema. Habari ilitoka Mombasa, ikapanda barabara kuu hadi Makindu, ikaingia barabara ya Wote na kufika sokoni kabla mimi mwenyewe sijapata nguvu za kutoka nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mimi ni karani wa stoo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Niliugua, nikalazwa siku chache, kisha nikaona heri niende nyumbani Kathonzweni mama anitazame, maana chumba cha kupanga Mikindani si mahali pa kuugulia peke yako. Ruhusa ilipokaribia kwisha nilikuwa bado sijapata nafuu, basi daktari wa kituo cha afya kilicho karibu na kwetu akaniandikia barua ya kuongezewa wiki tatu. Aliandika kila kitu: jina la ugonjwa, vipimo, dawa na hata dozi. Mstari wa mwisho ulisema kwamba wiki hizo zikiisha nitaweza kufanya kazi yangu ya kawaida. Afisa wetu akanipigia simu: "Ipige picha unitumie kwa WhatsApp, karatasi yenyewe utaileta ukija." Nikaipiga picha, nikamtumia.

Afisa huyo ni mama mwenye huruma. Usiku huo huo aliiweka ile picha kwenye kundi la wafanyakazi, lenye watu zaidi ya sitini, akaandika: "Mwenzetu anaumwa, hali si nzuri, tumchangie," na chini yake nambari yangu ya simu. Wenzangu walichanga shilingi 18,400, pesa zilizonifaa sana. Lakini mmoja wa wale sitini ni mtu wa kwetu. Alimwonyesha mkewe, mkewe akampigia dada yake aliyeko Kathonzweni, na mwisho wa wiki jina la ugonjwa wangu likawa linapimwa pamoja na nyanya.

Msomaji utataka kujua niliugua nini. Sitakuambia, na si kwa sababu ni jambo la aibu. Naandika kueleza kwamba jina la ugonjwa ni la mwenye mwili. Nikilitaja hapa nitakuwa najipinga mwenyewe. Na ukifika mwisho utaona kwamba hukulihitaji ili kuielewa habari hii.

Huruma nayo huvujisha siri

Niliporudi kazini nilikuta mambo mawili. La kwanza, kikombe changu cha chai kilikuwa kimetengwa, kimewekwa peke yake dirishani. La pili, nilikuwa nimeondolewa kaunta ya kutolea bidhaa na kupelekwa stoo ya nyuma, "upumzike kidogo". Kaunta ndiko kwenye ovataimu. Stoo ya nyuma hufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo huruma ile ilinipunguzia kipato. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kusimama kaunta. Daktari alikuwa ameandika kwamba naweza, lakini ni nani angesoma mstari wa mwisho wa barua baada ya kuliona jina lile katika mstari wa kwanza?

Tangu siku hiyo nimewasikiliza wafanyakazi wengi, wa Mombasa na wa kwetu Makueni, na nimegundua kwamba siri za namna hii ni mara chache kutolewa na adui. Barua ya daktari huachwa juu ya meza ya mapokezi. Risiti za dawa hupelekwa kwa mhasibu ili urudishiwe pesa, naye huzibandika kwenye faili ambalo kila mtu hulipekua. Msimamizi hutangaza kwenye mkutano wa asubuhi ili wenzako "wakuelewe". Na harambee ndiyo njia kubwa kuliko zote, kwa sababu sisi tumezoea kwamba anayeomba msaada sharti aeleze shida yake yote.

Nilipolalamika, mzee mmoja wa kazini alinijibu kwa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali ya kweli. Lakini tuitazame inasema na nani. Inamwonya mtu asiyafiche maradhi yake kwa wale wanaoweza kumponya na kumuuguza: tabibu, mke, mume, mzazi, rafiki wa karibu. Haisemi uyapeleke kwa meneja wa mauzo, dereva wa lori na mlinzi wa lango. Mimi sikuficha maradhi. Nilikwenda hospitali, nikamwambia mama, nikameza dawa. Lililobaki lilikuwa siri ya mtungi, ambayo aijuaye ni kata.

Sheria inamdai mfanyakazi nini hasa

Watu wengi hudhani kwamba ukitaka ruhusa ya ugonjwa ni lazima umwambie mwajiri unaumwa nini. Nami nilidhani hivyo. Kisha nikaketi nikaisoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30. Kinasema kwamba mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kukupa zaidi. Mimi siku hizo zilipokwisha nilitumia likizo yangu ya mwaka kufidia zilizobaki.

Ili uzipate siku hizo unadaiwa mambo mawili. Umjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana kwamba hutafika na kwa nini, na ulete cheti kilichotiwa saini na daktari anayetambuliwa, au mtu anayemwakilisha katika zahanati au kituo cha matibabu. Sasa angalia sheria inakiitaje cheti hicho: ni cheti cha kutoweza kufanya kazi. Hakiitwi cheti cha ugonjwa. Kinachothibitishwa ni kwamba kwa siku kadhaa mwili wako hauwezi kazi. "Sitafika, ni mgonjwa, nimemwona daktari" ni taarifa inayotosha kuanzia.

Mwajiri ana shaka kwamba cheti ni cha kughushi? Ana haki ya kuuliza hospitali kama kweli imekitoa. Hilo ni swali la ndiyo au la. Kuuliza unaumwa nini ni swali jingine, na hospitali hairuhusiwi kulijibu bila idhini yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 11, inasema habari za mgonjwa, yaani hali ya afya yake, matibabu yake na hata kule kulazwa kwake, ni siri, isipokuwa kwa sababu chache kama amri ya mahakama.

Juu ya sheria hizo ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutodaiwa wala kutotangaziwa mambo yake binafsi pasipo ulazima. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa sababu kinazozitaja ni hali ya afya.

Halafu mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Sheria hii inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti, pamoja na mambo kama kabila na imani ya dini. Inataka anayekusanya habari za mtu achukue zile tu anazozihitaji kwa kazi iliyotajwa, azitumie kwa kazi hiyo tu, na azilinde. Kifungu cha 46 kinasema habari za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya uangalizi wake, au na mtu anayefungwa na sheria kutunza siri ya kazi. Na mtu akidai kwamba ulimpa idhini, ni juu yake kuthibitisha, wala si juu yako kukanusha.

Nitumie kisa changu kama mfano. Nilimtumia afisa barua ili anipe siku za kupumzika. Hiyo ndiyo kazi niliyompa ile barua. Alipoipeleka kwenye kundi ili nichangiwe aliipa kazi nyingine, ambayo hakuniuliza. Hata kama nia yake ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, idhini haikuwepo.

Wakenya walikwisha kulipigania jambo hili

Walioibua suala hili mahakamani mapema ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilikataa kuitupa nje kesi ya mhudumu wa hoteli aliyesema alipimwa bila idhini yake, matokeo yakafikishwa kwa mwajiri wake, naye akaachishwa kazi. Mahakama iliona kwamba hayo ni malalamiko yanayostahili kusikizwa. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006, inayokataza kumlazimisha mtu apimwe ili aajiriwe, inayokataza kutoa matokeo ya kipimo chake ovyo, na iliyounda baraza maalumu la kusikiza malalamiko ya aina hiyo.

Mwaka 2015 ikatoka amri ya rais kwamba ikusanywe orodha ya wanafunzi na watu wengine wanaoishi na virusi hivyo. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri hiyo ilikiuka Katiba. Serikali ilikuwa imesema inataka kupanga huduma za dawa, jambo jema. Mahakama haikupinga huduma. Ilipinga namna ya kukusanya majina. Nikiangalia mchango wangu wa 18,400 naona somo lile lile: jambo jema lililofanywa kwa njia isiyofaa.

Pale ambapo habari zaidi zinahitajika

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mwajiri hapaswi kuambiwa chochote. Zipo hali ambazo kunyamaza kabisa kunaweza kumdhuru mwenzako au wewe mwenyewe.

Kwanza ni usalama. Dereva wa lori ambaye dawa zake zinamletea usingizi, au fundi anayepanda jukwaa la ujenzi huku akipata kizunguzungu, anapaswa kusema kwamba hawezi kuendesha au kupanda kwa muda fulani. Hata hapo, kinachohitajika ni kizuizi: "Asiendeshe gari kwa wiki sita." Jina la ugonjwa haliongezi usalama wowote barabarani.

Pili ni maradhi ya kuambukiza. Nichukue kifua kikuu, na sisemi ndio uliokuwa wangu wala sisemi sio. Sheria ya Afya ya Umma inataka ugonjwa huo uripotiwe, lakini ripoti inapelekwa kwa maafisa wa afya, si kwa bosi. Ikibidi wenzako wa kazini wapimwe, ni kazi ya maafisa hao kuja, kueleza na kupima. Na mgonjwa akishaanza dawa zinazofaa, kwa kawaida baada ya wiki kama mbili uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana, ingawa matibabu yenyewe huchukua miezi sita. Barua ya kurudi kazini ya mtu huyo inaweza kusema hivi: anaweza kufanya kazi, si hatari kwa wenzake, na apewe nafasi ya kwenda kliniki siku atakazoitwa. Mwajiri amepata yote anayoyahitaji. Wanaopika na kuandaa chakula cha umma nao wana vipimo vyao na cheti chao cha afya, na hilo linajulikana kabla hata ya kuugua.

Tatu ni ajali ya kazini. Ukitaka fidia, aina ya jeraha ni lazima iandikwe, kwa sababu jeraha lenyewe ndilo linalolipiwa. Nne ni bima. Fomu ya bima hutaja ugonjwa, lakini inakwenda kwa bima. Iombee bahasha uifunge. Huko Ujerumani wamelitatua jambo hili kwa urahisi: taarifa inayokwenda kwa bima ina jina la ugonjwa na inayomfikia mwajiri haina. Ya mwajiri humwambia tu tangu lini hadi lini mtu hawezi kazi.

Tano, na hii ni nzito: mwajiri akifikiria kukuachisha kwa sababu mwili wako hauwezi tena kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Hapo huenda ukahitaji kuleta ripoti ya daktari yenye mengi zaidi, kwa faida yako. Lakini hapo unaileta ukijua unaileta kwa nani na kwa kazi gani.

Kabla hujarudi kazini

Haya ndiyo ningeyafanya kama ningeanza upya.

Ningemwambia daktari mapema: "Barua hii inakwenda kazini. Naomba uandike ninachoweza na nisichoweza kufanya, na mpaka lini, bila kutaja ugonjwa." Daktari ameshika kalamu tayari na foleni ni ndefu. Usipomwambia ataandika alivyozoea. Ugonjwa na dawa vibaki katika faili la hospitali na katika kijitabu chako.

Ningempa barua mtu mmoja anayehusika, mkononi, ndani ya bahasha. Ikilazimika kutumwa kwa simu kwa sababu uko mbali kama nilivyokuwa mimi, ningeandika chini yake: "Hii ni ya faili langu tu, tafadhali usiisambaze." Maneno manane, na yangeniokoa. Yakivunjwa, utakuwa na ushahidi wa maandishi kwamba hukutoa idhini.

Ningetayarisha jibu la wenzangu. Watauliza, na wengi wanauliza kwa mapenzi. "Niliugua, namshukuru Mungu naendelea vizuri" ni jibu kamili. Huna haja ya kutunga ugonjwa mwingine wa uongo, maana uongo una kazi ya kukumbukwa. Akizidi kuuliza, mrudishie salamu: "Na huko kwenu hawajambo?" Watu wa Pwani wanaelewa mlango ukifungwa kwa adabu.

Na kuhusu mchango, ningeomba nisomewe ujumbe kabla haujatumwa. Hospitali inadai kiasi fulani, mgonjwa amelazwa au yuko nyumbani, nambari ya M-Pesa ni hii. Anayetaka kutoa atatoa.

Mambo yakishamwagika

Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli, lakini unaweza kuzuia yasiendelee kumwagika.

Mimi nilianza kwa kuzungumza na afisa mwenyewe, faraghani. Nilimshukuru kwa mchango, kwa sababu ilikuwa haki yake kushukuriwa, kisha nikamwambia kilichonipata sokoni. Alinyamaza muda mrefu. Hakuwa amefikiria kwamba Kathonzweni na Mombasa ni mwendo wa simu moja. Aliifuta picha ile kwenye kundi na kuwaomba walioihifadhi waifute. Wangapi waliifuta, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha nilimwandikia meneja barua fupi ya mambo matatu: barua ya daktari iondolewe kwenye faili la kawaida na kufungiwa, nielezwe ni akina nani wameiona, na nirudishwe kaunta kwa kuwa daktari amesema naweza. Sheria ya data inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ajira nayo inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na yaandikwe. Kumhamisha mtu kimyakimya kwa sababu ya picha ya WhatsApp si kushauriana.

Meneja wangu alisikia. Wako asiposikia, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, inayojulikana kama ODPC. Malalamiko yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo si ya mapambo. Septemba 2023 ilitangaza kuupiga faini mkahawa wa Casa Vera wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za nyuso tu. Barua ya daktari ni nyeti kuliko uso.

Ukiwa umebaguliwa au kuachishwa kazi, njia ni afisa wa leba wa kaunti yako au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa. Usikae ukisubiri hasira ipoe: kwa kawaida madai ya mkataba wa kazi yana kikomo cha miaka mitatu. Weka picha za ujumbe, tarehe, na majina ya waliokuwepo.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Nilirudishwa kaunta baada ya wiki tatu. Kikombe kilirudi kabatini polepole, bila mtu kusema lolote. Nyumbani Kathonzweni bado wapo wanaonitazama kifuani na miguuni nikishuka kwenye gari, wakitafuta dalili. Mama anasema wataacha wakipata habari nyingine. Nadhani ana haki, lakini ni mimi ninayesubiri.

Mwezi uliopita mwenzetu wa upakiaji alilazwa. Afisa wetu alinipigia simu kabla ya kuandika chochote, kisha akampigia mke wa mgonjwa akamuuliza, "Tuandike nini?" Ujumbe uliofika kwenye kundi ulikuwa huu: "Mwenzetu amelazwa na bili ni kubwa. Familia inaomba msaada wetu na dua zetu." Hapakuwa na picha. Kufikia siku ya tatu mchango ulikuwa umepita shilingi 23,000, zaidi ya ule wangu.

Mpaka leo sijui anaumwa nini. Jana amerudi na barua ya mistari minne: anaweza kuja kazini, asibebe mizigo mizito kwa wiki nane, arudi kliniki tarehe fulani. Tumempa kazi ya kuhesabu magunia.